Rivyu: Kambi ya makuruta wa Navy pale Great Lakes, yanayokusubiri ukishuka kwenye basi

Naandika hii kwa wadogo zangu wenye grinikadi au uraia wa Marekani wanaotaka kuingia jeshi la majini la kule, na kila wakimuuliza mtu aliyepita wanajibiwa "utayaona hukohuko". Jamani sio lazima uyaone hukohuko, mengi yanajulikana na ukiyajua mapema presha inashuka sana. Mi nimepita pale na naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeibakiza na sababu ntaisema huko mbele, ila kwa ujumla ni mafunzo yaliyopangwa kwa akili mno, yani vitu vingi unavyoviona havina maana wiki ya kwanza vinakuja kukudai wiki za mwisho.

Kwanza tuelewane ni kambi gani maana watu wanachanganya. Navy ina kambi moja tu ya makuruta wa kawaida, iko Great Lakes, jimbo la Illinois, kaskazini ya Chicago pembeni ya ziwa Michigan, na imekuwa ikipokea makuruta toka mwaka 1911. Zamani zilikuwepo na zingine San Diego na Orlando, zikafungwa miaka ya 1990, kwaiyo saivi hata ukiandikishwa Texas au Hawaii utaishia hapohapo. Marines, wale askari wa kushambulia toka baharini, wana kambi zao Parris Island na San Diego, Coast Guard, yani walinzi wa pwani, wako Cape May, na maofisa wa Navy wana njia zao nyingine, kwaiyo zile video za jamaa anatambaa kwenye matope na bunduki mgongoni usizitumie kujiandaa, huku ugomvi wako mkubwa ni maji na moto. Muda nao umebadilikabadilika, ilikuwa wiki 8, Januari 2022 wakapandisha mpaka 10, na kuanzia Januari 2025 ni wiki 9. Ukisoma habari ya zamani ukakuta namba tofauti ndo sababu hiyo.

Sasa jambo ambalo natamani kila anayeenda alishike: wengi wanajiandaa misuli, wanapiga gym miezi na miezi, alafu kambi inakuja kuwadai masikio. Ukiambiwa weka kidole gumba kwenye mshono wa suruali, weka kidole gumba kwenye mshono wa suruali, usiweke karibu na mshono. Ukiambiwa sema sentensi tatu, sema hizohizo tatu. Mtu mwenye kifua kipana asiyesikiliza anateseka pale kuliko kijana mwembamba anayesikiliza mara moja tu na kufanya alivyoambiwa, na hii sio ukali wa bure, ntaeleza kwanini nikifika kwenye moto.

Kuanza kwake ni hivi. Unashuka uwanja wa ndege wa O'Hare pale Chicago, mnakusanywa, mnapandishwa basi, mara nyingi mnafika kambini usiku. Mnaingia jengo la mapokezi linaloitwa Golden Thirteen, limepewa jina la wale Wamarekani weusi 13 ambao mwaka 1944 walikuwa wa kwanza kufanywa maofisa wa Navy, na walifunzwa hapohapo Great Lakes. Mi nadhani ni vizuri mtu wa asili yetu akiingia mlango ule ajue anaingia chini ya majina ya kina nani. Baada ya hapo hamna muda wa kutafakari, unapewa nafasi ya kupiga simu nyumbani na maneno umeandikiwa, nimefika salama, utapata barua, basi, imekatika. Mama zetu hiyo simu huwa inawapa presha kwasababu sauti ya mtoto inatoka kama anasoma tangazo, kwaiyo mwambie mapema kwamba ndivyo ilivyo na asianze kupiga simu ubalozini.

Nguo ulizokuja nazo zinaingia kwenye boksi, zinarudishwa nyumbani au unazigawa. Unapimwa mkojo kwa ajili ya madawa, unapewa nguo za mazoezi na begi, na usiku ule usitegemee kulala. Beba vitu vichache sana, vyeti vyako original, kitambulisho, kadi ya Social Security, grinikadi kama unayo, taarifa za benki kwa ajili ya mshahara, pete ya ndoa isiyo na mawe kama umeoa au umeolewa, na kidaftari kidogo chenye namba za simu na anwani za watu wako zimeandikwa kwa mkono, kwasababu simu yako inafungiwa na wewe namba ya mama huijui kwa kichwa, tuseme ukweli.

Siku za mwanzo zinaitwa P-days, ni siku za usajili na hospitali. Wanaume wananyolewa kipara, dakika hata mbili haziishi. Wanawake toka 2018 hawalazimishwi tena kukata, ila nywele lazima zibane kwa taratibu zao, na dada zangu wenye nywele zetu hizi nawashauri msuke msuko unaoruhusiwa kabla hamjaenda, someni kanuni za nywele za Navy kwa makini, maana muda wa kushughulikia kichwa asubuhi haupo kabisa. Kuna macho, meno, damu, chanjo mikono yote miwili mkiwa kwenye foleni, na kuna ile sindano ya penisilini ya kwenye makalio ambayo dawa yake ni nzito na inauma siku ile mpaka kukaa ni kazi. Inachomwa kwasababu watu wengi kutoka kila kona wanalala chumba kimoja na maambukizi ya koo yanasambaa haraka mno. Kama una mzio wa penisilini ndo mahali pa kusema, sema kwa sauti, usiogope foleni.

Kitu kingine kwa sisi watu wa asili ya Afrika: unapimwa kama umebeba kinasaba cha selimundu, yani sickle cell, hata kama wewe mwenyewe huumwi. Wengi wetu tunakibeba bila kujua. Kuwa nacho peke yake hakumaanishi unarudi nyumbani, ila mwili wa mwenye nacho unaweza kuzidiwa vibaya ukikimbia kwa nguvu zote huku umeishiwa maji, kwaiyo ukijua unacho, kunywa maji kila unaporuhusiwa na ukijisikia kizunguzungu au miguu imekuwa mizito isivyo kawaida, simama useme.

Alafu kuna kikao wanakiita Moment of Truth. Mnakalishwa mnaambiwa hii ndo nafasi yenu ya mwisho, kama ulificha ugonjwa, kesi, bangi, deni, chochote, sema sasa. Ushauri wangu ni kwamba usifike kwenye kikao hicho na siri. Ulipokuwa MEPS kule unapimwa afya kabla ya kuandikishwa, ndo ulitakiwa kuyamaliza, na kama kuna mtu alikunong'oneza "hiyo pumu usiitaje", huyo mtu hatakuwepo siku karatasi inapopatikana na jina lililoko pale chini ni lako. Kuna vijana wazuri kabisa wanarudishwa kwasababu ya uongo mdogo ambao ungeombewa ruhusa maalumu ukaisha.

Baada ya hapo mnakuwa divisheni, karibu watu 80 chumba kimoja, vitanda vya dabodeka mistari mirefu. Mabweni yanaitwa meli na yana majina ya meli, sakafu ni sitaha, choo ni hedi, mesi ni gali, na lazima uongee hivo. Wakufunzi wenu wanaitwa RDC, huwa wawili au watatu kwa divisheni, utawajua kwa kamba nyekundu begani. Hawa sio drill sergeant wa jeshi la nchi kavu na usiwaite sir, unamuita kwa cheo chake, Petty Officer flani au Chief flani. Hawaruhusiwi kukupiga wala kukutukana matusi ya kudhalilisha, ila sauti wanazo, na adhabu ya mazoezi ipo, inaitwa ITE, mnapiga pushapu na kuruka mpaka sakafu inakuwa na jasho. Mara nyingi kosa ni la mmoja na mnalipa wote. Wapo wanaolalamikia hili, mi nakubaliana nalo, melini mmoja akiacha mlango wa kuzuia maji wazi hazami peke yake.

Kwenye kukunja nguo hapo ndo watu wanakatwa maini. Kila nguo ina namna yake. Fulana inalazwa, inapigwa mkono mpaka hewa yote itoke, inakunjwa kwa vipimo, kingo zinakaa juu ya kingo, na jina lako ulilopiga mhuri linatakiwa kutokea mahali pake, pasipokunjika wala pasipofichika. Boksa hivohivo. Soksi hivohivo. Shuka la kitanda lina kona za pembe na mstari wake. Alafu RDC anapita, anavuta fulana moja kutoka kwenye lundo, anaangalia kiuzi kimoja kinachoning'inia kwenye pindo, na kwa kiuzi hicho loka yote iko chini. Ukishikwa na hasira siku hiyo utaona ni uonevu. Ila angalia wanachokufunza, macho yako yanaanza kuona kiuzi. Baada ya wiki kadhaa unaingia chumba unaona kitu kimoja kimehama na hujui umejuaje, na hilo jicho ndilo litakaloona valvu inavuja au waya umechubuka kwenye chumba cha mashine katikati ya bahari.

Ratiba ni taa kuzimwa saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na mbili asubuhi, wenyewe wanasema 2200 na 0600, na sisi tuliozoea saa ya Kiswahili tunapiga hesabu mara mbili kwaiyo jizoeze saa ya masaa 24 kabla hujaenda. Kwenye karatasi hayo ni masaa 8, ila humo ndani kuna lindo. Unaamshwa usiku wa manane unavaa kamili unasimama zamu ya masaa 2, unatembea humo bwenini unahesabu watu, anayekuja unamsimamisha na kumuuliza. Lindo lina kanuni 11 na unazikariri neno kwa neno, ya kwanza inasema unashika lindo hili na mali yote ya serikali inayoonekana. Ongeza na lile tamko la baharia na majina ya viongozi toka RDC wako mpaka Rais. Haya yote yapo mtandaoni, yakariri nyumbani kwa Kiingereza, na uyaseme kwa sauti kubwa huku mtu anakupigia kelele pembeni, mdogo wako atafurahi sana kukusaidia. Kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu hii ni faida kubwa, maana kuelewa hatuna shida, shida ni kutoa jibu haraka ukiwa na hofu.

Chakula mi sina neno nacho, kinashibisha, kuna mboga, kuna matunda, tatizo ni muda mfupi na hamuongei, unakula ukiwa unaangalia sahani yako tu. Kutembea ni kwata kila mahali, kwenda kula kwata, kwenda darasani kwata, mkufunzi anaimba hatua na nyie mnajibu. Mkienda miezi ya Januari na Februari upepo wa ule ziwa hauna huruma, wanawapa makoti mazito ya kutosha ila uso unabaki wa kwako mwenyewe. Majira mengine joto lake nalo ni la kunata. Hili nimelipita haraka kwasababu hamna mtu anaacha Navy kwa ajili ya baridi.

Maji ndo yanayowaogopesha watu wetu na naomba nikae hapa kidogo. Jengo la bwawa limepewa jina la USS Indianapolis, meli iliyozamishwa Julai 1945 na mabaharia wengi sana wakafia majini wakisubiri kuokolewa, kwaiyo jina lenyewe linakwambia kwanini uko pale. Mtihani wa daraja la tatu unatakiwa uruke kutoka kwenye jukwaa la juu, uogelee yadi 50, karibu mita 45, kwa staili yoyote, alafu uelee kifudifudi dakika 5. Sehemu ya pili unageuza nguo zako kuwa boya. Hii ya nguo ni nzuri mno kuiona, unavua suruali ukiwa ndani ya maji, unafunga miguu yake fundo, unaishika kwenye kiuno unairusha kwa nguvu kutoka nyuma ya kichwa kuja mbele ili inase hewa, unaibana chini ya maji, na ghafla suruali imevimba miguu miwili imesimama kushoto na kulia kwa shingo yako na wewe umetulia unapumua. Mtu akishaweza hivo uso wake unabadilika palepale.

Na jamani, kutojua kuogelea hakukufukuzishi siku ya kwanza. Asiyejua anapelekwa kwenye masomo ya ziada na walimu wa bwawa wale wana uvumilivu mkubwa kuliko mtu yeyote ndani ya kambi ile, mi nyota zangu nyingi ni zao. Wapo wanaoingia hawajawahi kuzamisha kichwa maishani na wanatoka wanaelea. Ila ni muda wako wa kupumzika unaoliwa huko, na ukichelewa sana kufaulu unaweza kurudishwa divisheni ya nyuma, kwaiyo kama kuna bwawa la jamii karibu na unapoishi lipia hata masomo machache. Usijifunze kwenda haraka, jifunze kuelea na kutulia, na jifunze kuruka kutoka juu bila kushika pua wala kusita, maana pale juu ndo wengi wanaganda.

Sasa moto. Kila baharia wa Marekani, hata mpishi hata karani, anafunzwa uzimamoto, na kuna sababu yenye damu. Tarehe 29 Julai 1967 kwenye meli ya kubeba ndege USS Forrestal, karibu na Vietnam, roketi ilifyatuka kwa bahati mbaya ikapiga ndege iliyokuwa imejaa mafuta, moto ukawaka chini ya mabomu, na mabomu yakalipuka mapema yakaua sehemu kubwa ya kikosi cha wazimamoto waliofunzwa waliokuwa wamekimbilia pale. Waliobaki wakapambana na moto bila kujua vizuri wanachofanya, wengine wakimwaga povu wengine nyuma yao wakimwaga maji yanayolisukuma lile povu. Wakafa watu 134. Toka hapo somo likawa kwamba hamna mtu wa kumwachia moto, wote ni zimamoto. Kwaiyo ukiwa umeshika hosi, uzito wake wote, joto linapiga kwenye suti, huoni kitu kwa moshi, na unasikia mtu nyuma anasema kushoto, hapo ndo utaelewa kwanini wiki nzima walikuwa wanakung'ang'ania kidole gumba kikae kwenye mshono. Ukisikia kushoto ukaenda karibu na kushoto, kuna mtu anaungua.

Chumba cha gesi kinaogopwa kuliko kinavyostahili. Mnaingia na barakoa mmesimama mistari, gesi ya machozi inawashwa, alafu mnaambiwa vueni, unataja jina lako na unachoulizwa, unatoka. Macho yanawaka, kamasi zinashuka mpaka kidevuni na hamna anayejali, nje mnasimama mikono mmetanua upepo uwapige na ndani ya dakika chache imekwisha. Faida yake ni kwamba ulikuwa umevaa barakoa ndani ya sumu na ilikuwa sawa kabisa, sasa unaiamini. Usisugue macho tu. Bastola nayo ipo, kwanza kwenye simuleta alafu risasi za kweli, na wasiowahi kushika silaha mara nyingi wanafanya vizuri kwasababu hawana mazoea mabaya ya kufuta.

Kilele ni Battle Stations. Wamejenga ndani ya jengo meli ya mfano, USS Trayer, urefu futi 210, imesimama kwenye maji galoni 90,000, imefananishwa na manowari za Navy aina ya Arleigh Burke mpaka harufu. Ilianza kutumika 2007. Mnaingia jioni mnatoka asubuhi, masaa kama 12 bila kulala, matukio 17 yanafuatana, mnafunga kamba za meli, mnapakia mizigo, mnashika zamu, alafu kinapigwa kishindo taa zinazima, moshi, majeruhi wamelala kwenye korido na nyie mnawabeba, chumba kinajaa maji na mnatakiwa kuhamisha mizigo kwa mnyororo wa mikono. Matukio hayo wameyatoa kwenye mambo yaliyotokea kweli, ikiwemo USS Cole iliyolipuliwa bandarini Aden tarehe 12 Oktoba 2000 wakafa mabaharia 17. Hapa hamna mtu anayeweza kupita peke yake. Yule mnyonge wa divisheni ambaye mlikuwa mnamnung'unikia ndo unamkuta anaongoza majeruhi gizani kwasababu alisikiliza somo wakati wengine wanasinzia. Mkimaliza mnavuliwa kofia iliyoandikwa RECRUIT mnavalishwa ya NAVY, na hata waliojifanya wagumu muda wote wanalia pale, mi naona wana haki kabisa.

Nyota niliyoibakiza ni ya afya. Mfumo wenyewe unawafanya makuruta wafiche maumivu. Ukiumia au ukiugua siku nyingi unaweza kutolewa kwenye divisheni yako na kupangwa nyingine iliyo nyuma, makuruta wanaita kupigwa asmo, na hofu ya kuachwa na wenzako ni kubwa kuliko hofu ya ugonjwa, kwaiyo mtu ana homa anasema niko freshi, ana maumivu ya mfupa wa mguu anakimbia hivohivo mpaka unapata ufa. Kikohozi cha bweni, wenyewe wanakiita Ricky crud, kinazunguka divisheni nzima. Mwaka 2019 makuruta 2 wa kike, mmoja Februari mwingine Aprili, walifariki baada ya mbio za mtihani wa viungo. Najua kambi ya jeshi haiwezi kuwa hoteli, ila hiki kitu cha kuogopa kusema naumwa kinahitaji kupunguzwa zaidi. Kwa upande wako, asmo ni wiki chache tu, unachelewa kumaliza na unamaliza. Kwenda kliniki sio aibu.

Kujiandaa basi. Kimbia, hili halina mjadala, maili 1 na nusu, kama kilomita 2.4, uikimbie ukiwa unaweza kuongea baada yake. Pushapu, na planki ya viwiko kwasababu ndo imechukua nafasi ya zile za kujikunja tumbo. Vaa buti au viatu vigumu mapema ili nyayo zizoee kutembea navyo. Ukiwa umezidi kidogo viwango vya mafuta mwilini au mtihani wa ASVAB, ule wa maswali wa kuingilia jeshi, haukwenda vizuri usikate tamaa, toka 2023 kuna kozi ya maandalizi hapohapo Great Lakes kabla ya kambi yenyewe. Na umri sasa wanapokea mpaka 41, kwaiyo kaka wa miaka 35 anayesoma hii hujachelewa, ila magoti yako uyaheshimu.

Mwenye grinikadi ajue jambo moja kabla hajasaini, kazi nyingi nzuri zinahitaji kibali cha usalama na kibali kinahitaji uraia, kwaiyo zile za nyuklia, za mawasiliano ya siri na mfano wa hizo hazitakuwepo kwenye orodha yako mwanzoni. Utumishi wa jeshi unakupa njia fupi ya kuomba uraia kuliko mwenye grinikadi asiye jeshini, fomu ni N-400 na ile ya kuthibitisha utumishi N-426, ulizia mapema na uweke nakala zako zote pamoja. Usisaini kazi usiyoijua eti kwasababu umeambiwa utabadilisha baadae. Soma kinachoandikwa kwenye mkataba, kilichoahidiwa mdomoni hakipo. Mshahara unahesabika toka unafika, unaingia tarehe 1 na 15, unakatwa kodi na vitu vya mwanzo kama sabuni na kunyoa, na kwakuwa huko ndani hamna pa kutumia, ukitoka unakuta kuna kiasi.

Familia nao wana kazi yao, ni barua. Anwani ina namba ya meli na divisheni, subirini ije kutoka kwake ndo muandike, na andikeni hata za kawaida tu, nani kaoa, mtoto wa flani kaanza shule, mvua imenyesha. Barua ikigawiwa usiku na mtu hana hata moja wiki ya tatu mfululizo, inaonekana kwenye mabega. Andikeni Kiswahili, atacheka peke yake gizani na hamna atakayejua kwanini. Msitume vyakula wala pipi, hatapewa.

Kwenye gwaride la kuhitimu wageni wanaorodheshwa na kuruta mwenyewe mapema, idadi ina kikomo na mlangoni vitambulisho vinakaguliwa, kwaiyo shangazi asikate tiketi ya ndege kabla jina lake halijathibitishwa. Wasioweza kufika wanaangalia moja kwa moja mtandaoni. Baada ya gwaride anapewa masaa ya kutoka na nyinyi, anabaki ndani ya yunifomu, pombe hairuhusiwi, kuendesha gari hairuhusiwi, na jioni anarudi. Kisha ni shule ya kazi yake, wengine wanabaki hapohapo Great Lakes upande wa pili, wahudumu wa afya wanaenda San Antonio, wa ndege wengi Pensacola, wa nyuklia upande wa Charleston, na safari inaweza kuwa kesho yake asubuhi mapema sana, kwaiyo kama mnataka kumpikia pilau mpikie mchana uleule na mtafute hoteli yenye jiko karibu na kambi, muda wa kumpeleka kwa ndugu majimbo mengine hamna.